Gavana wa 48

Mwaka jana mwezi wa Juni, laptopu yangu ilizeeka usiku mmoja. Jioni ilikuwa sawa. Asubuhi nikibonyeza herufi, inakawia kuitika kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Nilikuwa na makala ya kutuma kufikia saa sita mchana, na malipo yake ndiyo yangekuwa kodi ya nyumba. Saa sita ikafika, ikapita. Makala haikwenda.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaiwasha, akaingoja, akatikisa kichwa. "Hii imechoka, boss. Wacha nikupe ex-UK nyingine, uongeze elfu kumi na nane." Sikuwa hata na elfu mbili.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa sababu moja kati ya kadhaa, na tangu hapo nimezoea kuangaliwa jinsi yule fundi alivyoiangalia hiyo mashine. Labda ndiyo maana sikumwamini. Nilirudi nayo nyumbani.

Ndani ya Linux kuna faili ndogo inayokuambia prosesa inakwenda kwa kasi gani sasa hivi. Niliifungua nikakuta 800000. Hizo ni kilohezi, yaani megahezi 800, kwa prosesa iliyonunuliwa ikiwa ya gigahezi 2.4. Nikafungua video tatu kwa mpigo ili niichokoze. Bado 800. Kumbe haikuwa imechoka. Ilikuwa imezuiwa. Swali likawa: imezuiwa na nani? Kulijibu ilibidi nirudi nyuma miaka arobaini na kitu.

Kila prosesa ina saa yake. Saa hiyo inapiga, na kwa kila pigo kazi inasonga hatua. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, ya mwaka 1981, ilipiga mara milioni 4.77 kwa sekunde, na waliotengeneza michezo waliichukulia kasi hiyo kama jua na mvua, kitu kisichobadilika. Ukitaka adui asogee polepole, unaiambia mashine ihesabu kidogo kwanza. Zilipokuja kompyuta za kasi zaidi, zilihesabu haraka, na adui akakumaliza kabla hujagusa kibodi. Dawa ikawa kitufe kilichoandikwa "Turbo" mbele ya sanduku. Jina lilijisifu kwa kasi, lakini sababu yake kubwa ya kuwepo ilikuwa kuipunguza. Aliyeamua ulikuwa wewe, kwa kidole chako.

Uamuzi huo ulianza kuhama kwa sababu ya betri. Mwaka 1994, Mark Weiser na wenzake watatu kutoka maabara ya Xerox PARC huko California walichapisha utafiti wenye wazo rahisi. Fikiria matatu inayotoka Githurai kwa fujo ili iende kukaa kwa jam ya Pangani dakika ishirini. Si ingekwenda taratibu ifike wakati jam inafunguka? Prosesa nayo ilikuwa inakimbia, inamaliza, inakaa bure.

Hapa kuna hesabu kidogo, nivumilie. Ukipunguza mapigo kwa nusu na usiguse kitu kingine, umeme unaotumika kwa kila sekunde unapungua, lakini kazi inachukua muda mara mbili. Hujaokoa kitu. Siri ni kwamba prosesa inayopiga polepole inaweza kuendeshwa kwa volteji ndogo, na umeme hupungua kwa kipeo cha pili cha volteji. Hapo ndipo akiba ilipo.

Lakini mashine itajuaje kazi inayokuja ni nyingi kiasi gani? Mbinu moja ya Weiser na wenzake waliita PAST, yaani wakati uliopita. Inatazama kipindi kifupi kilichopita na kudhani kijacho kitafanana nacho. Hakuna zaidi. Inakukadiria kwa ulichofanya punde tu.

Miaka sita baadaye, wazo lilifika dukani. Januari 2000, Intel ilileta SpeedStep kwenye Pentium III za laptopu. Ukichomoa waya wa stima, prosesa ya megahezi 650 ilishuka hadi 500, na volteji kutoka 1.6 hadi 1.35. Piga hesabu: kasi imepungua chini ya robo, lakini matumizi ya umeme yanakaribia kuwa nusu. Mwezi huo huo kampuni ya Transmeta, alikokuwa ameajiriwa Linus Torvalds mwenyewe, ilionyesha prosesa ya Crusoe iliyopanda na kushuka ngazi kadhaa kulingana na kazi, programu zikiendelea kama kawaida.

Kwa mfumo endeshi, hiyo ilikuwa balaa. Linux ikiwaka hupima mashine inaweza kuzunguka mara ngapi kwa muda fulani, halafu ilitumia hesabu hiyo kila ilipotaka kusubiri kidogo. Tena tangu Pentium ya 1993, prosesa za Intel zilikuwa na kihesabu cha mapigo ambacho mifumo ilikitumia kama saa ya ukutani. Sasa punguza mapigo katikati ya safari bila kumwambia mtu. Sekunde zinarefuka. Mashine inadanganywa na moyo wake yenyewe.

Suluhisho liliingia rasmi katika Linux 2.6, Desemba 2003, kwa jina cpufreq. Sheria yake naipenda: kabla kasi haijabadilishwa, na baada ya kubadilishwa, kila sehemu ya mfumo iliyojiandikisha inapewa taarifa ili irekebishe hesabu zake. Anayeamua kasi anaitwa gavana. Yuko anayebaki juu daima, yuko anayebana matumizi daima, na tangu 2004 yuko ondemand, anayechungulia kazi kila mara na kupandisha kasi ikizidi. Kenya tulichagua magavana 47 mwaka 2013. Wa 48 alikuwa tayari kazini ndani ya kompyuta.

Shida huja taarifa inapoishia ndani ya mashine, isimfikie mwenye mashine. Desemba 2017, Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka. Sababu yenyewe ilikuwa na maana: betri kuukuu ikiombwa umeme mwingi ghafla, simu inazima. Lakini watu hawakuwa wameelezwa wazi. Wangapi walinunua simu mpya wakati walihitaji betri tu? Mwaka 2020 Ufaransa iliitoza Apple faini ya euro milioni 25 kwa kutowaambia wateja.

Yangu haikuwa betri, wala haikuwa gavana. Nilimbadilisha gavana kwa amri moja na namba haikusonga. Kuna aliye juu yake. Jibu lilikuwa kwenye chaja. Wiki hiyo nilikuwa nimenunua nyingine ya bei rahisi barabarani, na laptopu haikuitambua. Kwa kuwa haikujua chaja ina nguvu kiasi gani, ilijibana kwa kasi ya chini kabisa. Jirani aliniazima chaja ya asili. Nikachomeka, nikafungua ile faili tena: 2400000.

Makala niliituma siku mbili baadaye. Mhariri aliipokea, landilodi naye akapokea kodi tarehe kumi na mbili huku akinung'unika. Fundi nilimpitia wiki iliyofuata nikamwonyesha. Akacheka, akaniuliza hiyo faili inaitwaje, akaandika nyuma ya risiti. Alisema kuna mbili kama hizo pale kwenye rafu, amezinunua kama mbovu.