Lori la jeshi kuwa gari la kuishi: fremu, uzito na makaratasi

Jeshi lolote likipokea malori mapya, yale ya zamani hupelekwa mnadani. Uingereza ilipoanza kupokea malori ya MAN mwaka 2007, malori yake ya tani nne ya Leyland DAF yalianza kuingia sokoni, yakiyafuata yale ya Bedford ambayo raia walikuwa wakiyanunua tangu zamani. Ujerumani huuza mali ya jeshi lake kupitia VEBEG, kampuni ya serikali iliyoko Frankfurt. Wanunuzi ni wakulima, wakata magogo, wachimba kokoto, na kundi jingine ambalo madereva wa njia ya Nairobi, Arusha na Kampala wanalifahamu kwa macho: wageni wanaokuja kwa barabara na lori lenye chumba mgongoni, chenye kitanda, jiko na choo.

Lori la jeshi si jambo geni huku. Kwa miaka mingi kampuni za Uingereza zilisafirisha watalii kutoka London hadi Nairobi na Johannesburg kwa Bedford zilizotoka jeshini, abiria wakikaa kwenye viti vya mbao na usiku wakilala kwenye mahema. Linalozungumzwa hapa ni gari la kuishi mtu mmoja au wawili kwa miezi. Kazi hiyo sasa inazifikia karakana za huku kama matengenezo, kama kazi ya kuunda bodi, na wakati mwingine kama gari linalouzwa na mwenyewe aliyechoka na safari. Hili la mwisho ndilo lililowaingiza watu wengi hasarani, na litaelezwa mbele.

Aina zinazoonekana zaidi

Leyland DAF ya Uingereza ina injini ya Cummins 6BT ya lita 5.9. Kwa fundi wa Afrika Mashariki hiyo ni habari njema, kwa sababu injini za ukoo huo zimefungwa kwenye malori ya Tata na Dongfeng, na vipuri vyake si vya kutafuta kwa tochi. Usukani uko kulia. Bedford MK na MJ nazo ni za usukani wa kulia na ni rahisi kwa fundi wa kawaida, ila kampuni ya AWD iliyorithi kiwanda cha Bedford ilifilisika mwaka 1992, hivyo vipuri vinatoka kwenye akiba na kwa wauzaji maalumu wa Uingereza.

Kwa Wajerumani, Unimog U1300L ndiyo inayotafutwa sana. Jeshi liliitumia kama gari la wagonjwa na la mizigo, na uzito wake wa juu ni tani 7.5. Injini yake, OM352 ya lita 5.7, ni ileile iliyowekwa kwenye malori ya Mercedes-Benz ya aina ya 1113. Ekseli zake zina gia ndogo kwenye kila gurudumu, na hizo humwinua tumbo juu ya mawe. Oili ya gia hizo ni ya kukaguliwa moja moja, maana sili ikivuja oili huishia kwenye breki. MAN KAT1, iliyoanza kutumika mwaka 1976, ni mnyama mwingine: injini ya Deutz V8 inayopozwa kwa hewa na fremu ngumu isiyojipinda. Inavutia macho, lakini unywaji wake wa dizeli unafaa bajeti ya jeshi kuliko ya mtu binafsi.

Fremu

Kosa linaloharibu kazi nyingi hufanyika siku ya kwanza, pale fundi anapochukua chumba na kukikaza kwa bolti moja kwa moja juu ya chasisi kama anavyofanya kwa bodi ya mizigo.

Isipokuwa KAT1 na chache za namna yake, malori haya yana chasisi ya ngazi: mihimili miwili mirefu yenye viungo vya kukata. Imetengenezwa ijipinde. Gurudumu la mbele kulia likipanda jiwe na la nyuma kushoto likiingia shimoni, mihimili hujinyonga, na matairi yote manne hubaki chini. Bodi ya mizigo ya jeshi iliweza kujinyonga pamoja nayo. Chumba cha kuishi ni sanduku, na sanduku halikubali kunyongwa. Likikazwa kwenye fremu inayojipinda, kimojawapo lazima kishindwe: kona za chumba hupasuka, milango hukataa kufunga, dirisha huvunjika lenyewe, au ufa huanza kwenye tundu la bolti la chasisi na kukua kimyakimya. Barabara ya lami haitaonyesha hayo. Yataonekana kwenye makorongo ya kaskazini mwa Kenya, mbali na mtu wa kuchomelea.

Dawa ni fremu ndogo ya kati. Chumba hukaa juu ya fremu yake ngumu, na fremu hiyo hushikwa na chasisi kwa pointi tatu au nne zenye egemeo. Katika mpangilio wa pointi tatu, mbili huwa pembeni upande mmoja, na ya tatu huwa katikati upande wa pili, ikizunguka kwenye pini kama bawaba. Chasisi ikijinyonga, chumba hubembea juu ya pini bila kunyongwa. Pointi nne zenye umbo la msamiati hugawa uzito vizuri zaidi kwa chumba kirefu. Njia nyingine, inayofaa kwa magari yasiyopita njia mbaya sana, ni kuilaza fremu ndogo juu ya chasisi na kuifunga mbele kwa bolti zenye springi zinazoiruhusu kuinuka kidogo na kurudi, huku nyuma ikikazwa.

Mambo mawili hapa hayana mjadala. Mihimili ya chasisi haitobolewi kwenye mikunjo yake ya juu na ya chini, wala haichomelewi kiholela. Mabano hufungwa kwa bolti kwenye ubavu, na mara nyingi matundu ya kiwandani yanatosha. La pili ni nafasi kati ya kabini na chumba. Vikiwa vinacheza kila kimoja kivyake, njia ya kupita kutoka kabini kwenda chumbani lazima iwe ya mpira au turubai inayokunjika. Bati likiwekwa hapo litachanika kwenye safari ya kwanza ya vumbi.

Uzito

Watu hudhani lori la tani nne linaweza kubeba chochote. Uchukuliwe mfano wa hesabu, gari la mwisho tani 7.5 ambalo chasisi na kabini vina tani 5. Zimebaki kilo 2,500. Chumba kitupu na fremu yake kilo 1,000. Vitanda, makabati, milango na madirisha kilo 400. Maji lita 300 ni kilo 300. Dizeli ya ziada lita 300 ni kama kilo 250. Betri, sola na jokofu kilo 200. Tairi la akiba na kibebeo chake kilo 200. Watu wawili, nguo, vyombo na zana kilo 300. Jumla ni kilo 2,650, na bado hakuna chakula. Gari limezidi kabla ya kuwasha injini.

Kwa mwenye gari wa Ulaya, tani 7.5 zina maana nyingine pia, kwa sababu leseni za zamani za gari dogo za Ujerumani na Uingereza (za kabla ya 1999 na 1997) zinamruhusu kuendesha mpaka hapo. Akizidisha anahitaji leseni ya lori, na bima yake inaweza kumgeuka.

Huku kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inataka kila gari la uchukuzi lenye kilo 3,500 au zaidi lipite mizani. Ekseli yenye matairi mawili tu mwisho wake ni tani 8. Yenye manne ni tani 10. Malori mengi ya jeshi yana tairi moja moja nyuma, kwa hiyo dereva asihesabu tani 10 alizozoea kwenye lori lake la biashara. Inafaa ekseli ya mbele na ya nyuma zipimwe kila moja peke yake kabla fundi hajaamua tangi la maji likae wapi. Maji na betri vikae chini na katikati ya ekseli mbili. Chumba kirefu chenye mizigo juu ya paa ni njia fupi ya kulala ubavu kwenye kona.

Kuhusu matairi, namba ya tarakimu nne ubavuni husomwa wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1404 ni wiki ya 14 ya mwaka 2004. Lori la jeshi mara nyingi lina kilomita chache na matairi yenye meno mazuri ambayo mpira wake umezeeka. Tairi la namna hiyo hupasuka likiwa linapendeza. Saizi ya 12.00R20 inapatikana kwa wauza matairi ya malori, 14.00R20 iagizwe mapema.

Ndani ya chumba

Wengi hutumia vyumba vya aluminiamu vya redio za jeshi, vyenye povu katikati ya bati mbili. Ni imara na hushuka na kupanda kwenye lori bila shida, ila mtu mrefu atainama, na fremu yake ya chuma hupitisha joto na baridi. Chumba kipya cha paneli za faiba na povu ni chepesi na kikavu zaidi, na bei yake inalingana na sifa hizo.

Umeme wa lori ni volti 24, vifaa vingi vya nyumbani ni volti 12. Betri ya chumba itengwe na ya injini, na kigeuza-umeme kikae kati. Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili za lori huiua mapema ile inayonyonywa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kabati la mtungi liwe na tundu la kutokea sakafuni na lisifunguke kuelekea kitandani. Vichwa vya mitungi hutofautiana nchi kwa nchi, ndiyo maana wasafiri wa mbali wengi hupikia dizeli. Chumba kiwe na dirisha la kutokea upande usio na mlango.

Mpakani na bandarini

Mgeni huingia na gari lake kwa Carnet de Passages en Douane, hati ya dhamana inayotolewa na chama cha magari kama ADAC cha Ujerumani. Inasema gari litatoka. Lisipotoka, forodha hudai ushuru kwa chama, na chama humdai mwenye gari. Bima ya COMESA, ile Kadi ya Njano, hutumika pia Tanzania ingawa si mwanachama wa COMESA.

Hapo ndipo lilipo lile la mgeni aliyechoka. Anauza Nairobi kwa bei ya kutupa, mnunuzi anaona injini nzuri na kitanda, fedha zinabadilishana mikono. Lakini gari bado liko chini ya karneti. Mnunuzi atatakiwa kulipa ushuru wote, na Kenya kwa kiwango cha KS 1515:2000 haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Lori la 1985 halitapata namba. Likiwa la usukani wa kushoto lina kikwazo cha pili. Uganda mwaka 2018 ilizuia kuingiza magari yenye zaidi ya miaka 15. Tanzania haina marufuku ya umri ya aina hiyo, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa nyongeza. Bei ya kutupa ni ya kutupa kwa sababu hizo, na wakala wa forodha aulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Uainishaji nao huwashtua watu. Lori la mizigo liko kwenye kifungu 8704 cha forodha. Likishafanywa la kuishi linahamia 8703, pamoja na magari ya abiria. Lori la karakana ya jeshi likiwa bado na vifaa vyake huweza kuangukia 8705, magari ya kazi maalumu. Anayeagiza na kutaka kujenga chumba huku ajue anaingiza nini siku meli inapofunga gati, na ankara ya mnada iseme hivyohivyo.

Kwa karakana ya huku njia iliyo nyepesi ni lori ambalo tayari lina namba ya nchi, likiwemo lile lililonunuliwa kwenye mnada wa serikali. Kitu cha kuuliza hapo ni kimoja: kama liliingia nchini kwa msamaha wa ushuru, ushuru huo hudaiwa likiuzwa kwa asiye na msamaha. Risiti ya mnada pekee haithibitishi kwamba umelipwa.

Rangi ibadilishwe mapema. Kenya na Uganda zinakataza raia kuvaa sare za kijeshi, na lori la kijani lenye mabaka, hata likiwa na mapazia ya maua dirishani, litasimamishwa kwenye kila kizuizi. Baada ya kupaka, rangi mpya iandikwe kwenye kadi ya gari, kwa sababu afisa wa mpakani husoma kadi kwanza na gari baadaye.