Parameta ya laha ya mtindo

Parameta ya laha ya mtindo ni thamani inayopewa laha ya XSLT kutoka nje wakati wa kugeuza hati ya XML, ili laha moja itoe matokeo tofauti kulingana na masharti. Hutangazwa kwa xsl:param, na masharti hupimwa kwa xsl:if au xsl:choose. Zote zimo katika XSLT 1.0, iliyoidhinishwa na W3C Novemba 1999.

Manufaa yake huonekana pale hati ni moja na wasomaji ni wengi, kama zilivyo hati za mabunge ya Afrika ambazo muundo wa XML uitwao Akoma Ntoso ulibuniwa kuzihifadhi. Orodha ya miradi ya Kaunti ya Kiambu, ikiandikwa kwa XML, ingehitaji parameta ya wadi tu: ikipewa Kamenu, hutoka miradi ya wadi hiyo ya Thika pekee. Kunakili laha kwa kila wadi ni kujitafutia makosa, maana kila sahihisho litarudiwa kotekote. Wapo wanaopinga kwamba masharti yakirundikana laha haisomeki. Ni kweli, ila dawa ni kuyagawa katika violezo vidogo na kuziunganisha laha kwa xsl:import, si kuiacha parameta.

Thamani ya awali, yaani ile inayotumika parameta isipopewa thamani kutoka nje, ikiwa ni maneno huandikwa kwa nukuu mbili, moja ndani ya nyingine: select="'Kamenu'". Nukuu ya ndani ikisahaulika, XSLT 1.0 hutafuta elementi iitwayo Kamenu. Isipoipata, sharti halitimii na orodha hutoka tupu bila onyo.