Mali Iliyoharibikia kwa Fundi: Nani Athibitishe Unguja?

Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono huchukua miezi kukamilika, na bei yake huweza kuipita ya kanzu inayovaliwa nayo. Ikipelekwa kwa dobi ikarudi imechanika, mwenyewe na dobi huafikiana juu ya jambo moja tu: iliingia nzima, imetoka mbovu. Yaliyopita katikati, kama ilitiwa dawa kali au ikapigwa pasi ya moto kupita kiasi, anayajua dobi peke yake. Ndivyo ilivyo pia kwa kitambaa cha harusi kilichoachwa kwa fundi cherehani Mkunazini, simu iliyofunguliwa Darajani, au sanduku lililopokewa katika hoteli ya Shangani. Hata hivyo mteja anapodai, yeye ndiye anayeulizwa kwanza: una ushahidi gani kwamba fundi amezembea? Hoja yangu ni kwamba swali hilo anaulizwa asiyestahili kuulizwa. Kinachowanyima watu fidia ya haki Unguja si ukosefu wa sheria. Ni mzigo wa kuthibitisha kutwikwa yule asiyejua.

Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, iliyowekwa wakati wa himaya ya Uingereza, ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, ambayo ina sehemu nzima juu ya mali anayokabidhiwa mtu kwa kazi maalumu kisha airejeshe. Kifungu cha 151 cha sheria hiyo ya India kinamtaka aliyeipokea aitunze kama mtu wa busara ya kawaida atunzavyo mali yake mwenyewe ya kiasi, ubora na thamani kama hiyo. Kifungu kinachofuata kinamwondolea lawama akiwa ametimiza uangalifu huo. Kwa hiyo sheria haimlazimishi fundi alipe kila kinachoharibika. Lakini nani aonyeshe kwamba uangalifu ulikuwepo au haukuwepo? Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka huohuo, iliyokuwa kielelezo cha ile ya Zanzibar ya enzi hizo, ilijibu, hadi ilipobadilishwa mwaka 2024, katika kifungu cha 106: jambo ambalo mtu fulani hasa ndiye alijuaye, ni juu yake kulithibitisha. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilifika hapohapo mwaka 1962 katika shauri la sanduku lililopotea kwenye basi la kukodi. Wenye basi walitakiwa waonyeshe kwamba hawakuzembea, wakashindwa, wakalipa.

Pingamizi zito zaidi Unguja halitoki mahakamani, linatoka darsani. Fundi, husemwa, ni amini, yaani mtu aliyeaminiwa mali, na amini hana dhamana ila akikiuka. Kauli hiyo ina asili madhubuti. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, kitabu ambacho wanazuoni wa Kishafi wa mwambao wamekisomesha vizazi kwa vizazi, kauli iliyopewa nguvu ni kwamba mali ikiharibika mikononi mwa mwajiriwa bila ya yeye kukiuka, halipi. Lakini anayekomea hapo hajaimaliza mas-ala. Nawawi anamtenga fundi anayefanya kazi huku mwenye mali ameketi naye, au nyumbani kwa mwenye mali, na fundi aliyebaki na mali peke yake. Kwa huyu wa pili ndipo kauli zinapopingana, na mojawapo inamdhamini, yaani inamtoza fidia, fundi anayepokea kazi za watu wengi. Wafafanuzi huieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba mali ambayo mwenyewe yupo nayo haijatoka mkononi mwake. Nakubali, ila aliye nayo mkononi ndiye pia anayeona linalotendeka. Jambo hili linadhihirika zaidi katika mlango huohuo, pale fundi cherehani anaposhona joho na mwenye kitambaa akasema aliagiza kanzu. Kauli yenye nguvu ni kwamba mwenye kitambaa ndiye anayesadikiwa kwa yamini yake; hatoi ujira, na fundi analipa kilichopungua katika thamani. Agizo anayelijua zaidi ni aliyeliagiza, basi neno ni lake. Kwa kipimo hichohicho, kilichotokea ndani ya duka la fundi ni juu ya fundi kukieleza.

Tena madhehebu mengine hayakumwachia fundi nafasi kubwa hivyo. Malik aliwadhamini mafundi, na wanafunzi wawili wa Abu Hanifa, Abu Yusuf na Muhammad Shaybani, wakatofautiana na mwalimu wao katika hili. Imepokewa pia kutoka kwa Ali bin Abi Talib kwamba aliwatoza mafundi kwa ajili ya maslahi ya watu. Linalonigusa zaidi ni alilolisimulia Rabi bin Sulayman, mwanafunzi wa Imamu Shafi, katika al-Umm: kwamba Shafi mwenyewe aliona mafundi hawadhamini ila walichokiharibu kwa mikono yao, lakini hakuwa akilitangaza, kwa kuchelea mafundi wabaya. Imamu aliyeiona hukumu akasita kuitangaza kwa kuhofia mali za watu si hoja ya kumtetea mwenye duka anayeibandika hukumu hiyo ukutani.

Kwani ndivyo inavyofanywa: hatuhusiki na upotevu wala uharibifu, mali kwa dhamana ya mwenyewe. Mahakama za India zimetofautiana juu ya iwapo mtu anaweza kujivua kwa maandishi uangalifu wa kifungu cha 151. Uingereza, mwaka 1951, mwanamke alipeleka gauni jeupe la harusi likasafishwe, akatia saini karatasi ya kuwaondolea wasafishaji dhamana baada ya kuambiwa kwamba inahusu shanga na mapambo tu. Gauni likarudi na doa, na karatasi haikuwafaa wasafishaji. Mwaka 1977 likaja shauri la zulia la Kichina la thamani ya pauni 900, lililopotea kwa msafishaji ambaye fomu yake ilisema thamani isihesabiwe kupita pauni 40. Hakuweza kueleza lilipotelea vipi, na kikomo chake kikaanguka. Mteja wa Unguja mara nyingi huyakuta maandishi hayo nyuma ya risiti, akiwa ameshakabidhi mali. Tangazo la namna hiyo si makubaliano.

Itasemwa kwamba fundi wa barazani ni maskini, na fidia ya kofia moja itamlia chakula cha mwezi mzima. Ni kweli, na pingamizi hili halistahili kupuuzwa. Lakini kinachodaiwa hapa ni maelezo kabla ya malipo. Aliyepiga pasi ipasavyo kitambaa kilichokuwa kimeshaoza kwa unyevu wa masika ataonyesha kitambaa na ataachiliwa. Asiyeweza kubeba hatari ya kitu cha thamani anaweza kukikataa, au kukipokea kwa ujira mkubwa zaidi. Fidia nayo ina mpaka: fiqhi hulipa kitu kwa mfano wake kikiwa na mfano, na kwa thamani kisipokuwa nao, na kofia ya mkono haina mfano. Thamani ni ya kofia jinsi ilivyokuwa ilipoharibika, si ya kofia mpya. Hasara ya ziada, kama ya nguo ya arusi iliyokosekana siku yenyewe, idaiwe pale tu fundi alipokuwa amejulishwa siku hiyo.

Mahakama ya Kadhi leo inashughulikia ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, na mahakama za kawaida ni safari ndefu kwa kofia moja. Tunabaki na sheha, na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Tume ianze na maduka na hoteli zenye kaunta na risiti za kuchapwa: hali ya kitu iandikwe kwa Kiswahili kinapopokewa, na asiyeweza kueleza uharibifu alipe, liwe lipo tangazo au halipo. Fundi wa barazani asilazimishwe kuweka daftari. Mbele ya sheha imtoshe kueleza kwa mdomo kilichotokea, na yamini yake ikubaliwe iwapo mwenye mali alikuwa ameketi naye.