Vijana na Haki ya Hisabati: Kutoka Mississippi hadi Same na Kurudi

Katika maandishi mengi kuhusu elimu ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, juhudi za kuwafikishia masomo hayo watoto wa wanyonge husimuliwa kama historia ya wizara, mabaraza ya mitaala na wafadhili, ambamo kijana hutokea mwishoni tu akiwa mnufaika wa mipango iliyokwisha kupangwa na wakubwa. Historia ya Mradi wa Aljebra wa Marekani na ya chama cha vijana kilichozaliwa kutokana nao inakwenda kinyume na usimulizi huo, kwa kuwa mizizi yake imo katika harakati za kudai kura, na walioikuza tangu mwanzo walikuwa vijana waliofundishana wao kwa wao. Sehemu ya historia hiyo inapita Tanzania, katika mji wa Same mkoani Kilimanjaro, jambo ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili hawalifahamu.

Chanzo chake ni jimbo la Mississippi, ambako katiba ya mwaka 1890 iliweka vikwazo vya kumzuia Mmarekani mweusi kupiga kura bila kutaja rangi yake. Kikwazo kikubwa kilikuwa jaribio la kusoma na kuandika, ambalo kufikia miaka ya 1950 lilimtaka mwombaji asome kifungu chochote cha katiba ya jimbo na kueleza maana yake kwa maandishi, huku karani mzungu wa kaunti akiwa na mamlaka ya kuchagua kifungu na kuamua kama maelezo yametosha. Wengi waliofika mbele ya karani huyo walitoka katika kilimo cha kugawana mavuno, mfumo ambao mkulima hulima pamba katika shamba la mwenye ardhi na kulipwa sehemu ya mavuno baada ya kukatwa madeni, na watoto wao walisoma miezi michache tu kwa mwaka kwa sababu msimu wa pamba uliwahitaji shambani. Haishangazi kwamba kabla ya mwaka 1965 walioandikishwa kupiga kura hawakufika hata asilimia 7 ya watu weusi waliostahili katika jimbo hilo.

Mwaka 1960 alifika huko mwalimu wa hisabati kutoka New York, Robert Parris Moses, aliyezaliwa Harlem mwaka 1935 na kupata shahada ya uzamili ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Alitumwa na SNCC, kamati ya wanafunzi iliyoundwa Aprili mwaka huo kwa ajili ya kuratibu harakati zisizotumia nguvu, na aliyeilea kamati hiyo, Ella Baker, alishikilia kuwa watu wanaoonewa hawahitaji kiongozi wa kuwasemea, wanahitaji kupangwa ili wajisemee. Mwenyeji wake, Amzie Moore wa mji wa Cleveland, ndiye aliyemshawishi kuwa kazi ya kwanza Mississippi ni kura. Ushauri wa wazee hao wawili ndio uliokuja kuwa kanuni ya Moses katika siasa na, miaka ishirini baadaye, katika darasa la hisabati.

Mfano wa kwanza wa vijana kufundisha hisabati na sayansi kama sehemu ya harakati ulitokea katika mji wa McComb mwaka 1961. Mwezi Oktoba, baada ya Shule ya Sekondari ya Burglund kumkatalia kurudi darasani mwanafunzi Brenda Travis, aliyekuwa amefungwa kwa kushiriki mgomo wa kuketi, wanafunzi zaidi ya 100 walitoka madarasani na kuandamana, na walipotakiwa kutia saini ahadi ya kutoandamana tena wengi walikataa. SNCC iliwafungulia shule ya muda, wakaiita shule ya kutotumia nguvu, ambamo Moses, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alifundisha hisabati, Dion Diamond akafundisha sayansi na Charles McDew akafundisha historia. Shule hiyo haikudumu, kwa kuwa kabla ya Oktoba kwisha walimu wake walihukumiwa kifungo, na wanafunzi wakapokewa na Chuo cha Campbell mjini Jackson. Pamoja na ufupi wake, ilionyesha kuwa mtoto aliyenyimwa shule kwa sababu ya kudai haki anaweza kufundishwa na kijana aliyemzidi miaka michache tu, mradi wote wawili wanajua kwa nini wako darasani.

Hoja ya uhusiano wa elimu na kura ilipata sura kamili mwaka 1963, pale Moses alipoulizwa mahakamani na jaji wa shirikisho sababu ya kuwapeleka watu wasiojua kusoma wakaandikishwe. Jibu lake, kwa muhtasari, lilikuwa kwamba nchi haiwezi kuwanyima watu elimu kizazi baada ya kizazi, halafu ikatumia ujinga huohuo kuwanyima sauti katika siasa. Mwaka uliofuata hoja hiyo iligeuzwa kuwa mpango. Charles Cobb, kijana wa SNCC, alikuwa amependekeza mwishoni mwa 1963 zianzishwe Shule za Uhuru, na katika kiangazi cha 1964 shule zipatazo 41 zilifunguliwa makanisani, majumbani na hata chini ya miti. Waliofundisha walikuwa hasa wanafunzi wa vyuo waliokuja kwa gharama zao wenyewe baada ya kupata mafunzo mafupi katika jimbo la Ohio. Waandaaji walitarajia wanafunzi wapatao 1,000, lakini waliojitokeza walizidi 2,000. Walisoma historia ya watu weusi, uraia, kusoma, kuandika na hisabati, na mwezi Agosti wajumbe wao walikutana mjini Meridian wakaandika madai yao, yakiwemo ya shule bora. Haya yote yalifanyika katika hofu kubwa, kwani tarehe 21 Juni wanaharakati watatu, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliuawa karibu na mji wa Philadelphia wa jimbo hilo.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 ililisimamisha jaribio la kusoma katika majimbo ya kusini. Moses mwenyewe hakubaki kuyafaidi matunda hayo, kwa kuwa mwaka 1966 aliitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, akakimbilia Kanada, na mwaka 1969 yeye na mkewe, Janet Jemmott, wakahamia Tanzania. Walifundisha Same hadi mwaka 1976, yeye hisabati na mkewe Kiingereza, na huko ndiko walikozaliwa baadhi ya watoto wao, wakiwemo Maisha na mdogo wake Omowale, ambao majina yao yatatokea tena katika historia hii. Nchi waliyoikuta ilikuwa na mjadala wake kuhusu nani asome na asome nini. Tamko la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967 lilikuwa limekemea elimu inayowachambua wachache na kuwaacha wengi, na mwaka 1974 chama tawala, TANU, kiliazimia mjini Musoma kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo 1977. Kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza shule ya msingi waliandikishwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini, na ingawa walimu hao wa UPE, kama mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote ulivyoitwa, walilaumiwa sana baadaye kwa ufundishaji hafifu, bila wao mamilioni ya watoto wasingeandikishwa. Tofauti na Mississippi ni kwamba huku vijana waliitwa na dola, na kule walijiita wenyewe dhidi ya dola.

Familia hiyo ilirudi Marekani na kukaa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Mwaka 1982 Moses alipata tuzo ya Taasisi ya MacArthur, ambayo humpa mpokeaji fedha za kufanya kazi aipendayo, na mwaka huohuo akagundua kuwa shule ya bintiye Maisha, aliyekuwa darasa la nane, haikufundisha aljebra. Katika shule za Marekani aljebra ndiyo mlango, kwani mwanafunzi asiyeianza mapema hupata shida kumaliza ngazi za hisabati zinazotakiwa kwa masomo ya sayansi chuoni, na wanaopangwa katika mkondo wa chini, yaani kundi la wanaodhaniwa hawana uwezo, huwa hasa watoto weusi, wahamiaji na maskini. Mwalimu wa darasa hilo, Mary Lou Mehrling, alimkaribisha afundishe, na darasa la watoto wachache likakua likawa Mradi wa Aljebra.

Njia ya ufundishaji iliyobuniwa hapo inafaa kuangaliwa kwa karibu. Moses alimwona mwanafunzi mmoja akikosea namba hasi kila mara kwa sababu alijua kuuliza swali moja tu, la ngapi, ambalo hesabu ya kawaida huliuliza, wakati aljebra huuliza pia la pili, la upande gani. Ili swali la pili lipate uhai, watoto walipandishwa treni ya Red Line inayopita chini ya ardhi. Mtoto akichagua kituo cha Central kuwa mwanzo, yaani sifuri, basi Kendall ni hatua moja upande mmoja na Harvard ni hatua moja upande wa pili. Idadi ni ileile, mwelekeo ni tofauti, na hapo chanya na hasi huwa zimekwisha kueleweka kabla hazijatajwa. Baada ya safari watoto huchora walichokiona, hukieleza kwa lugha ya kila siku, kisha kwa lugha iliyopangwa inayobainisha sifa zinazohusika, na mwishoni huunda alama zao wenyewe za kuandika jambo hilo. Hatua hizo tano, za tukio, picha, lugha ya kawaida, lugha rasmi na alama, zilitokana na falsafa ya W. V. Quine, aliyeona hisabati kuwa lugha ya kawaida iliyonyooshwa.

Mradi ulipoenea Chicago na kurudi Mississippi katika miaka ya 1990, vijana walishika hatamu. Mwaka 1996 wahitimu wake, Omowale Moses akiwa miongoni mwao, walianzisha chama kiitwacho The Young People's Project kilichofanya kazi Jackson na Cambridge. Chama hicho huwafunza wanafunzi wa sekondari na vyuo kuwa wahudumu wa kisomo cha hisabati, ambao hulipwa ujira ili wawafundishe wadogo zao baada ya saa za shule. Mchezo wanaoutumia sana, Flagway, uliobuniwa na Moses, humtaka mtoto aichambue namba katika vigawo vyake vilivyo namba tasa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, kisha akimbie katika njia zilizochorwa sakafuni. Namba 12 ni 2×2×3, na kwa kuwa 2 imejirudia humpeleka njia moja. 15 ni 3×5, vigawo viwili visivyojirudia, humpeleka njia ya pili. Na 30 ni 2×3×5, vitatu visivyojirudia, humpeleka ya tatu. Kanuni hiyo ni ya mwanahisabati Möbius wa karne ya 19, na mtoto wa msingi huitumia akishangiliwa na timu yake.

Faida ya mpangilio huu si ya mwanafunzi mdogo peke yake, kwani kijana anayetakiwa kufafanua vigawo kwa mtoto hulazimika kuvielewa zaidi kuliko alipokuwa akijibu mtihani. Mipaka yake pia iko wazi: kazi hii imetegemea misaada inayokuja na kwisha, na mkondo wa chini bado upo katika shule nyingi za Marekani. Katiba ya shirikisho haitaji elimu, na mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa elimu si haki ya msingi chini ya katiba hiyo, ndiyo maana Moses alitumia miaka yake ya mwisho akidai elimu bora iwe haki ya kikatiba, dai ambalo halikuwa limetimizwa alipofariki tarehe 25 Julai 2021. Hata hivyo, historia ya kutoka McComb hadi Flagway inatoa kipimo kinachoufaa mradi wowote wa STEM, uwe wa Jackson au wa Same: idadi ya kompyuta zilizogawiwa ni jambo dogo, na jambo kubwa ni kama waliofundishwa jana ndio wanaofundisha leo, na kama wameanza kuidai elimu hiyo kwa sauti yao wenyewe.