UZI: Annie Moore, mhamiaji aliyetungiwa maisha mengine

1/ Mjadala wa wahamiaji ukichacha, lazima mtu alete hoja hii: "Wale wa zamani walikuja kihalali, wakajituma, wakafaulu. Hawa wa siku hizi ni mzigo tu." Leo naipima kwa maisha ya msichana mmoja kutoka Cork, Ayalandi. Tulieni kidogo.

2/ Tarehe 1 Januari 1892, kituo cha wahamiaji cha Ellis Island kilifunguliwa bandarini New York. Wa kwanza kuandikishwa alikuwa Annie Moore. Alikuja kwa meli ya Nevada na ndugu zake wadogo wawili, Anthony na Philip, wakiwafuata wazazi waliotangulia. Akapewa sarafu ya dhahabu ya dola 10.

3/ Magazeti yakaandika ati siku hiyo alikuwa anatimiza miaka 15. Wapi! Alikuwa na miaka 17. Chumvi ilianza kutiwa hata kabla hajafika kwa mamake.

4/ Miaka ikapita, ikasimuliwa kwamba Annie alielekea magharibi, akaishi Texas, akafa 1923 baada ya kugongwa na tramu. Hadithi ikapendwa: mhamiaji jasiri anaenda kuijenga nchi mpya. Jamaa za huyo wa Texas wakawa wanaalikwa kwenye sherehe za kumbukumbu.

5/ Mwaka 2006, mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alitangaza mtandaoni zawadi ya dola 1,000 kwa atakayeleta ushahidi. Hati zikaongea. Annie wa Texas alizaliwa Illinois, Marekani kwenyewe. Hakuwa mhamiaji hata kidogo!

6/ Basi Annie wetu alienda wapi? Hakwenda mbali. Alibaki Lower East Side, New York, mtaa wa maskini waliobanana kwenye nyumba za kupanga. Aliolewa na mtoto wa mhamiaji Mjerumani. Alizaa watoto wasiopungua 10, na wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Alifariki 1924, akazikwa makaburi ya Calvary, Queens. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 2008.

7/ Sasa hilo neno "kihalali". Wakati huo msafiri kama Annie hakuhitaji viza. Alinunua tiketi, akakaguliwa afya, akaulizwa maswali, akapita. Lakini tangu 1882 sheria ya Marekani ilikuwa imewafungia mlango vibarua Wachina. Kibarua Mchina angejituma vipi, bado jibu lilikuwa hapana. Kwa hivyo ukisema "walifuata sheria", sema pia sheria ilimfungulia nani na ikamfungia nani.

8/ Na hilo neno "wakafaulu". Kwa kipimo cha mali, Annie alianguka mtihani. Hakutajirika, hakumiliki shamba. Lakini vizazi vyake vipo, vimeoana na watu wa asili nyingi, na ni Wamarekani kama wengine. Hakuna aliyeuliza kama bibi yao alistahili sarafu ile.

9/ Mimi sisemi kila mpaka uachwe wazi. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie. Ila tuache kumlinganisha mgeni wa leo na mgeni wa zamani aliyepambwa. Mtu akikuletea "wale wa zamani", muulize: unamaanisha Annie wa Texas au Annie wa Lower East Side?

Haya, maoni yenu hapo chini. Matusi peleka kwingine.