Siri ya Taji la Jua

Jua lipatwapo kabisa, mwezi ukaufunika uso wake wote, huonekana kandokando yake duara ya nuru nyeupe, laini kama utandu. Hiyo ndiyo hewa ya nje ya jua, nao wataalamu huiita korona, yaani taji. Tangu kale watu wameitazama, wengine kwa hofu, wengine kwa ibada, wala hakuna aliyejua imefanywa kwa kitu gani.

Katika karne ya 19 wataalamu waliichambua nuru kwa kioo cha pembe tatu, kama matone ya mvua yafanyavyo upinde. Wakaona kwamba kila kitu kikichomwa hata kikawa mvuke hutoa mistari yake ya rangi, isiyofanana na ya kingine. Tarehe 7 Agosti 1869 Wamarekani wawili, Charles Young na William Harkness, waliona katika korona mstari wa kijani usiofanana na wa kitu chochote kijulikanacho. Basi ikadhaniwa kuwa jua lina kitu kisichopatikana duniani, kikaitwa koroni. Kikatafutwa kwa miaka 70, kisionekane.

Walter Grotrian wa Ujerumani, mwaka 1939, na Bengt Edlén wa Uswidi baada yake, ndio waliofumbua fumbo. Kitu kile kilikuwa chuma, chuma kilekile cha jembe na panga, ila kilikuwa kimevuliwa elektroni 13 katika 26 zake. Na chuma hakivuliwi hivyo ila katika joto lipatalo digrii milioni moja na zaidi. Ajabu ilioje! Uso wa jua wenyewe una digrii 5,500 hivi. Nani amepata kuondoka karibu na moto, akaona joto linazidi kadiri anavyokwenda mbali?

Ilipasa korona ichunguzwe kwa karibu. Walakini hewa yenye joto kali namna hiyo haitoi nuru yake nyingi kwa rangi tuzionazo, bali kwa miale isiyoonekana, kama ile ya urujuanimno, iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau. Miale hiyo huzuiwa na ozoni na hewa nyingine za dunia. Kizuizi hicho ni rehema kwa viumbe, maana miale hiyo hudhuru. Lakini kwa mtaalamu kilikuwa ukuta.

Ukuta huo ulipitwa kwa silaha. Roketi za V-2, zilizoishambulia London mwaka 1944, zilitekwa na Wamarekani, nao wakazipeleka White Sands, New Mexico. Tarehe 28 Juni 1946 wataalamu wa Jeshi la Majini waliweka chombo cha kuchambulia nuru katika ncha ya roketi. Roketi ilipanda, kisha ikaanguka kwa kishindo ikachimba shimo kubwa, na chombo kikasagika. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Richard Tousey na wenzake walitengeneza chombo kingine, wakakiweka katika bawa la mkia, na filamu wakaihifadhi katika kasha la chuma. Tarehe 10 Oktoba 1946 filamu ilipatikana salama. Ndipo binadamu alipoona kwa mara ya kwanza ile sehemu ya nuru ya jua iliyofichwa na ozoni.

Hizo hazikuwa bado picha za korona, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Baada ya roketi zilikuja setilaiti. Mwezi wa Machi 1988 setilaiti ya Waitalia, San Marco, ilirushwa kutoka baharini karibu na Ngomeni, katika pwani yetu ya Kenya, ikiwa na chombo cha kupimia miale hiyo ya jua. Tarehe 2 Desemba 1995 ilirushwa SOHO. Chombo chake kimoja kiliuziba uso wa jua kwa kizuizi, kana kwamba jua limepatwa kila siku, kikagundua kwamba katika sehemu zitokako pepo za kasi za jua, chembe za oksijeni zina joto kuliko za haidrojeni, ingawa ni nzito zaidi.

Hata hivyo, wataalamu hawajakubaliana ni nini hasa kiipashacho korona joto. Wengine hutaja mawimbi ya sumaku, wengine milipuko midogo isiyohesabika. Basi, msomaji, fumbo la mwaka 1869 limezaa fumbo jingine, nalo lamngojea atakayelifumbua.