Maziwa Hayasubiri Bei

Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa mara mbili kwa siku, na kilichokamuliwa hakiwezi kuwekwa ghalani kama ngano hadi bei ipande. Katika Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, udhaifu huo wa mfugaji ndio uliokuwa nguvu ya mnunuzi. Kampuni ya mjini ilitaja bei. Mfugaji alikubali au alimwaga.

Dawa ilikuwa kuungana na kuuza kwa sauti moja. Lakini Sheria ya Sherman ya 1890, iliyotungwa kuwabana mabepari waliohodhi biashara, haikuuliza una ng'ombe wangapi. Majirani wakipatana bei, hiyo ni njama. Mwaka 1917 viongozi wa chama cha wazalishaji maziwa wa Chicago walishtakiwa. Sheria ya Clayton ya 1914 ilikuwa imejaribu kuwakinga wakulima, ila iligusa vyama visivyo na hisa tu.

Ndipo Februari 18, 1922, Rais Harding akatia saini Sheria ya Capper-Volstead. Capper alikuwa seneta wa Kansas. Volstead, mbunge wa Minnesota, ni yule yule ambaye jina lake lilibandikwa kwenye sheria ya kupiga marufuku pombe. Sijui kama kuna mwanasiasa mwingine aliyeshika vinywaji viwili vya taifa kwa mikono miwili hivyo. Sheria yao fupi iliwaruhusu wakulima kusindika na kuuza mazao yao kwa pamoja. Masharti yalikuwa machache: kila mwanachama awe na kura moja, au gawio lisizidi asilimia 8 kwa mwaka, na ushirika usiuze mazao ya watu wa nje yenye thamani kuliko ya wanachama.

Mahakama ya Juu iliichorea mipaka kinga hiyo. Mwaka 1939, katika kesi ya kampuni ya Borden, tena Chicago, ilisema ushirika ukila njama na wasambazaji na chama cha wafanyakazi, kinga haipo. Mwaka 1960 ushirika wa Maryland na Virginia uliambiwa kwamba haki ya kuungana si haki ya kumnunua mshindani ili kumwondoa sokoni.

Halafu ushirika wenyewe ukanenepa. Mwaka 1998 vyama vinne viliungana kuwa Dairy Farmers of America. Wafugaji wa kusini-mashariki wakaushtaki, wakidai umeshirikiana na wasindikaji kushusha malipo yao. Mwaka 2013 ukakubali kulipa zaidi ya dola milioni 100, bila kukiri kosa. Mwaka 2020, baada ya kampuni ya Dean Foods kufilisika, ushirika huo ukanunua viwanda vyake 44, na serikali ikautaka uviachie vitatu.

Nikiisoma sheria ya 1922 leo, jicho langu hukwama kwenye kifungu cha pili. Kinampa Waziri wa Kilimo mamlaka ya kuuzuia ushirika unaopandisha bei kupita kiasi. Kilimwogopea mnywaji wa maziwa. Hakisemi lolote juu ya mfugaji anayelipwa kidogo mno na chama chake mwenyewe, ambacho sasa ndicho pia chenye kiwanda.